Uzamili wa usimamizi wa mazingira na uendelevu: tathmini ya aliyeumaliza

Ninaipa shahada hii nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaeleza imekwenda wapi. Chuo sikitaji, kwa kuwa ninachopima hapa ni shahada yenyewe: masomo yake, kazi zake, na inachomfanyia mtu anayeisoma huku ameajiriwa.

Nilitoka maabara ya majitaka. Kazi yangu ilikuwa kupokea chupa, kupima, kuandika namba na kuikabidhi. Namba zilikuwa sahihi. Lakini nani aliamua maji yachotwe kwenye mdomo wa bomba na si nusu kilomita chini yake, hilo halikuwa swali langu. Shahada hii imelifanya kuwa swali langu. Kila dai la mazingira, liwe la kiwanda, la serikali au la mwanaharakati, limezungushiwa mpaka na mtu fulani: hapa ndipo tunaanza kuhesabu, hapa ndipo tunaacha. Msimamizi wa mazingira aliyeiva huuliza kwanza mpaka huo umewekwa wapi na nani aliyeuweka. Masomo yaliyonifundisha kuuliza hivyo ndiyo yaliyostahili ada. Yale yaliyonipa orodha za kukariri hayakustahili.

La kwanza kunishika lilikuwa tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa. Kanuni zake zimo katika viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, nazo hatua ni nne: kuweka lengo na mawanda, kuorodhesha kila kinachoingia na kinachotoka, kupima athari, kisha kufasiri matokeo. Kwenye kitabu ni somo kavu. Mhadhiri wetu alilipa uhai kwa sabuni ya kufulia. Kundi moja aliliambia lihesabu hadi lango la kiwanda na kuishia hapo. Kundi la pili liende hadi nguo zifuliwe, zisuuzwe na maji yamwagwe. La kwanza lilirudi likisema kasoro iko kwenye kemikali na mafuta ghafi zinamotoka. La pili liliona kwamba kwa mtu anayefua kwa maji ya moto, sehemu kubwa ya nishati inaliwa na kupasha maji yale. Sabuni ni ileile, majibu mawili, na hakuna aliyekosea hesabu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hatua ya kwanza ina uzito kuliko zote. Ukilinganisha pakiti ya unga na chupa ya sabuni ya maji, umelinganisha vyombo. Unatakiwa kulinganisha kazi moja inayofanywa na vyote viwili, mathalani kufua kilo tano za nguo. Tangu siku hiyo, tangazo likiniambia bidhaa fulani inachafua nusu ya nyingine, ninatafuta kwanza wamelinganisha kwa kazi gani na wameishia wapi. Mara nyingi halisemi, na kutosema huko ni taarifa tosha kwangu.

Somo la hesabu za gesijoto liliendeleza jambo lilelile. Utaratibu unaotumiwa na kampuni nyingi duniani ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2001 na taasisi mbili, World Resources Institute na World Business Council for Sustainable Development. Unagawa gesi katika mafungu matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari ya kampuni yenyewe, zinazotokana na umeme inaonunua, na zote nyingine zilizo kwenye mnyororo wake, kutoka kwa mkulima wa malighafi hadi jaani bidhaa inapoishia. Fungu la tatu lilipata kiwango chake mwaka 2011, likiwa na makundi 15, na kwa kampuni nyingi ndilo kubwa kuliko mengine yote. Kampuni inaweza kutangaza imepunguza gesi ikasema kweli tupu, kumbe ilichofanya ni kukabidhi usafirishaji kwa mkandarasi, na moshi uleule ukahama kutoka fungu la kwanza hadi la tatu.

Mpaka wa muda nao tulifundishwa vizuri. Methani, ikilinganishwa kilo kwa kilo na hewa ya ukaa, ina nguvu ya kuongeza joto takriban mara 28 ukihesabu kwa miaka 100, na takriban mara 80 ukihesabu kwa miaka 20. Mwenye bomba la gesi linalovuja atapenda miaka 100. Anayeogopa miongo miwili ijayo atapenda 20. Wote wawili wana jedwali la kisayansi mkononi, na wewe uliye katikati yao lazima ujue kilichochaguliwa na kwa nini. Mfano wa saruji nao haujanitoka: takriban asilimia 60 ya hewa ya ukaa inayotoka kiwandani haitokani na kuni wala makaa, inatoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Kiwanda kinaweza kubadilisha tanuri lake lote liendeshwe kwa nishati safi, na sehemu kubwa ya tatizo ikabaki palepale. Mtu asiyejua hilo atasaini ahadi ambazo kemia haitamruhusu kuzitimiza.

Sasa nifike kwenye somo ambalo, lingekuwa peke yake, ningelipa nyota zote tano: tathmini ya athari kwa mazingira. Utaratibu huu ulianza kisheria Marekani, kwa sheria ya taifa ya sera ya mazingira iliyosainiwa tarehe 1 Januari 1970, ukaenea karibu dunia nzima, na Azimio la Rio la 1992 likauweka katika kanuni yake ya 17. Tulianza na zana za zamani. Jedwali la Leopold la mwaka 1971 lina vitendo 100 upande mmoja na sifa 88 za mazingira upande wa pili, yaani visanduku 8,800. Tulijaza sehemu yake kwa mikono ili tuone uzuri na upungufu wake. Linakulazimisha usisahau kitu, lakini halikuonyeshi jinsi athari moja inavyozaa nyingine, wala jinsi miradi midogo mingi inavyojumlika ikawa msiba mkubwa ambao hakuna hata mmoja wao uliokiri kuuleta.

Kisha tukapewa mradi wa kubuni, barabara inayokatiza ardhioevu, na ripoti nene iliyosema athari ni ndogo. Tuliambiwa tuisome kama wapitiaji. Hesabu zilikaa sawa, ramani zilikuwa safi, lugha ilikuwa ya kitaalamu. Tulihangaika nayo hadi mwenzetu mmoja, mwalimu wa baiolojia, alipotazama tarehe za utafiti wa hali ya awali: zote ziliangukia kiangazi. Katika ardhioevu, kiangazi ni wakati ambao vyura hawalii, ndege wahamaji huenda hawapo, na maji yamejificha chini. Hakuna aliyedanganya. Waliweka mpaka wa muda mahali ambapo hakuna cha kuona, nao hawakuona.

Sitaki kuishia kwenye ripoti ile peke yake, kwa sababu somo hili lina moyo wake katika maswali mawili. La kwanza ni mbadala: je, mbadala wa kupitia njia nyingine, au wa kutojenga kabisa, uliangaliwa kwa dhati au uliandikwa ili ukurasa ujae? La pili ni ngazi ya kushughulikia athari, ambayo mpangilio wake hauruhusiwi kupinduliwa: epuka kwanza, ukishindwa punguza, kisha rejesha, na fidia iwe ya mwisho kabisa. Miradi mingi hukimbilia kupanda miti mahali pengine kabla haijauliza kama ile iliyopo ingeweza kuachwa. Tulifundishwa kusoma ripoti kutoka nyuma, tukianza na mpango wa usimamizi na ufuatiliaji: nani atapima, mara ngapi, kwa fedha ya nani, na atafanya nini kipimo kikivuka kiwango. Ahadi isiyo na mtu, tarehe wala bajeti ni pambo tu.

Na maji hayajui mipaka ya nchi. Tulisoma hukumu ya mwaka 2010 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kati ya Argentina na Uruguay, kuhusu viwanda vya malighafi ya karatasi kando ya Mto Uruguay. Mahakama ilisema tathmini ya athari sasa inahesabiwa kuwa takwa la sheria ya kimataifa pale ambapo kuna hatari ya madhara makubwa kuvuka mpaka na kufikia rasilimali ya pamoja. Nilisoma aya zile mara kadhaa. Kwa mtu aliyezoea chupa za maabara, kuona majaji wakibishana sehemu za kuchukulia sampuli za maji kulinipa heshima mpya kwa kazi niliyokuwa naifanya.

Ushirikishwaji wa wananchi ulipata wiki chache, nami ningeuongezea. Sherry Arnstein aliandika mwaka 1969 kuhusu ngazi nane za ushiriki, kuanzia chini kabisa ambapo watu wanachezewa tu, hadi juu ambapo wao ndio wenye uamuzi. Ukiipeleka ngazi hiyo kwenye mikutano ya hadhara ya miradi halisi, unaona haraka kwamba mingi imesimama kwenye vidato vya chini: watu wameitwa, wamesaini karatasi ya mahudhurio, wameelezwa, wameondoka. Orodha ya sahihi huwekwa kwenye kiambatisho na kuitwa ridhaa.

Kazi za uwandani zilikuwa furaha yangu, na hapa natoa ushauri mzito: programu isiyo na siku za kulowa matope usiichukue, hata kama inafundishwa kwa mtandao kwa ufundi wa hali ya juu. Mtoni tulipima oksijeni, joto, uangavu wa maji kwa kisahani cha Secchi, na tukachukua maji ya kipimo nilichokifanya kwa miaka kazini, kile cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu kwa siku tano katika nyuzi 20 za Selsiasi. Jipya kwangu lilikuwa kugeuza mawe na kuhesabu wadudu. Sampuli ya maji inakueleza saa ile uliyoichota. Kiwanda kikimwaga uchafu usiku, maji ya saa nne asubuhi yanaweza kuonekana safi. Mabuu wa wadudu wameishi pale wiki na miezi, hawakutoka. Wale wanaohitaji oksijeni nyingi wakikosekana kabisa, na wale mabuu wekundu wenye damu inayoshika oksijeni hata ikiwa haba wakijaa, mto umeshatoa ushahidi ambao chupa yangu isingeweza kuutoa. Niliirudia maabara yetu na pendekezo la kuongeza kipimo hicho. Kimeongezwa.

Ramani na setilaiti zilifundishwa kwa kasi lakini vizuri. Picha za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo kidoti kimoja ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka 2015, hufikia mita 10. Tulitumia QGIS, programu ya bure ya ramani, kwa hiyo ujuzi haukukwama leseni ilipoisha. Takwimu ndizo zilizowatesa wenzangu wengi. Anayefikiria kujiunga na afufue takwimu zake mapema. Hilo litamsaidia kuliko kusoma mapema kuhusu tabianchi.

Sera ya kimataifa ilinichosha. Stockholm 1972, Rio 1992, Kyoto 1997, Paris 2015, Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu na shabaha zake 169: yote yalipita kama vituo vya basi, mtihani ukauliza majina na miaka. Hakuna anayesimamia mazingira kwa kukariri vituo. Kulikuwa na mhadhara mmoja uliotoka nje ya utaratibu huo, wa kwa nini Itifaki ya Montreal ya 1987 iliokoa tabaka la ozoni wakati juhudi za tabianchi zinasuasua. Watengenezaji wa kemikali zinazoharibu tabaka hilo walikuwa wachache, mbadala ulipatikana, nchi zenye uwezo mdogo ziliwekewa mfuko, na biashara na nchi zilizobaki nje ya itifaki iliwekewa vizuizi. Huo ndio uchambuzi niliokuwa nautafuta. Laiti somo zima lingekwenda hivyo.

Vivyo hivyo na mhadhara wa Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaharibiwe na wote. Ostrom alikwenda kuangalia jamii zinazotumia maji, misitu na uvuvi kwa pamoja, akakuta nyingi zimeyatunza kwa vizazi, kisha akaeleza masharti yanayowezesha hilo. La kwanza katika orodha yake ni mipaka iliyo wazi: rasilimali inaishia wapi, na nani ana haki ya kuitumia. Nilifurahi sana kulikuta swali langu hapo, safari hii mikononi mwa wavuvi na wakulima badala ya wataalamu wa ofisini.

Nyota niliyoizuia ina sababu mbili.

Ya kwanza ni somo la mifumo ya usimamizi na taarifa za kampuni. ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa usimamizi wa mazingira, iliyotoka 1996 na kurekebishwa 2004 na 2015, ilifundishwa kama fomu ya kujaza. Hakuna aliyetusimamisha kusema jambo la msingi: kiwango hiki hakiweki kikomo cha uchafuzi. Kinadai utambue athari zako, utii sheria zinazokuhusu, na uendelee kuboresha. Viwanda viwili vyenye cheti kilekile vinaweza kutofautiana kama usiku na mchana kwa kinachotoka bombani, na mwenye kusoma cheti lazima aulize kimefunika jengo lipi na shughuli zipi. Halafu, viwango vipya vya kutoa taarifa za uendelevu kwa wawekezaji, IFRS S1 na S2, vilitolewa Juni 2023, lakini vilitajwa kwetu kwa slaidi moja. Darasani tulikuwa na mhasibu aliyekuja kwa ajili ya hilo hasa. Alijifundisha mwenyewe, kisha akatufundisha na sisi jioni, na ninamshukuru kwa dhati.

Sababu ya pili ni usimamizi wa tasnifu. Msimamizi wangu alikuwa na ujuzi mkubwa na wanafunzi wengi kupita kiasi. Sura niliyotuma ilikaa kimya hadi msimu wa kuchukua sampuli ukakaribia kupita, na mto haumsubiri profesa. Niliendelea bila maoni yake kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza. Maoni yalipokuja yalikuwa mazuri sana, ya kina, na yangenifaa zaidi yangefika kabla. Kwa hiyo unapoulizia programu yoyote, usitosheke na orodha ya masomo. Uliza kila msimamizi ana wanafunzi wangapi, maoni ya sura hurudishwa ndani ya muda gani, na kama hilo limeandikwa mahali. Uliza pia ni lini ratiba inakupa nafasi ya uwandani, maana tasnifu nyingi za mazingira huamuliwa na majira kuliko na mwandishi.

Kuhusu nani inamfaa: darasa letu lilikuwa na mhandisi, mwanasheria, mwalimu, mhasibu, na sisi wa maabara. Mchanganyiko huo haukuwa wa bahati, ndio uliofanya kazi za vikundi ziwe na maana. Mwanasheria aliona neno "inapowezekana" ndani ya mpango wa usimamizi na akatuonyesha jinsi linavyofuta ahadi nzima. Mhandisi alijua pampu ile haiwezi kusukuma kiasi kilichoandikwa. Ukitoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza unaweza kuisoma na kufaulu, ila nilivyoona, waliokuwa wamefanya kazi hata kidogo ndio waliokuwa na maswali yenye makali. Anayetaka kuwa mtafiti wa ikolojia au wa kemia ya hewa atafute shahada ya fani hiyo. Hapa utagusa kila kitu kwa upana, na kina utakipata kwenye tasnifu tu.

Usidhani pia kwamba cheti hiki kinakuruhusu kusaini ripoti za tathmini. Katika nchi nyingi wataalamu wa tathmini husajiliwa kwa utaratibu wao, wenye masharti ya uzoefu, na shahada ni sehemu moja tu ya masharti hayo. Chunguza masharti ya pale unapokusudia kufanya kazi kabla hujachagua masomo ya hiari, kwa sababu mengine huhesabiwa na mengine hayahesabiwi.

Kwa anayesoma akiwa kazini, kama mimi, muhula wa uwandani na ule wa takwimu usiviweke pamoja. Ukiruhusiwa, chukua tathmini ya mzunguko wa maisha mapema na tathmini ya athari baada yake. Zinaposomwa kwa mfuatano huo, ya pili inaeleweka kwa nusu ya juhudi. Na ukiweza kuchagua mada ya tasnifu ndani ya eneo unalofanyia kazi, fanya hivyo, ukipata ruhusa ya maandishi ya kutumia takwimu za mwajiri tangu mwanzo.